Kijana Akikosa Shabaha, Usimpigie Kelele



Ndugu zangu katika imani, leo sizungumzii talaka wala mirathi. Leo nazungumzia upinde na mshale, na naanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Miezi michache iliyopita, baada ya Swala ya Alasiri, nilikuwa na vijana wetu hapa Mchafukoge, kwenye ua wa nyuma ya jengo moja. Kijana wa miaka kama 16 akavuta, akaachia, mshale ukapita pembeni ya shabaha ukagonga ukuta. Wa pili vilevile. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikaanza: bega umelipandisha, mpini umeukaba, kamba hujaifikisha mdomoni, unaachia haraka, na mkono wa upinde unauangusha. Makosa matano kwa pumzi moja. Wenzake wakacheka. Mshale wa tatu ukaenda mbali zaidi. Akauweka upinde chini taratibu, akavaa kandambili zake, akaondoka.

Wiki tatu sikumuona. Na si kwenye mishale tu, hata darsa la baada ya Maghrib hakuja. Nikamfuata Kariakoo, dukani kwa mjomba wake, nikamkuta anapanga majora ya vitambaa. Akaniamkia, "Shikamoo sheikh." Nikaitika. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu bila kuniangalia: "Sheikh, siku ile ulinitajia makosa mengi mpaka nikasahau hata kuvuta pumzi."

Wallahi neno lile lilinichoma. Makosa yote matano yalikuwa ya kweli. Sikumsingizia hata moja. Lakini nilimtoa kijana kwenye upinde, na nusura nimtoe msikitini.

Ndiyo maana naandika. Siku hizi vijana wengi wanapenda upinde. Wengine wameuona kwenye tamthilia za Kituruki, wengine wamesikia kwamba ni Sunna. Alhamdulillah. Lakini sisi tunaowasimamia, rai yangu ni hii: tunawaharibu kwa namna tunavyowarekebisha, kuliko wanavyoharibiwa na makosa yenyewe.

KWANZA, TUJUE UZITO WA JAMBO HILI

Katika Surat Al-Anfal, aya ya 60, Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ametuamrisha kuandaa nguvu kwa kadiri tuwezavyo. Uqba bin Amir (Radhiyallahu anhu) amesimulia kwamba alimsikia Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) juu ya mimbari akiisoma aya hiyo, kisha akaifasiri nguvu hiyo kuwa ni kurusha mishale, akalirudia neno hilo mara tatu. Hadithi hii iko katika Sahih Muslim.

Na Uqba huyohuyo, alipokuwa mzee, watu walimuona anakwenda na kurudi baina ya shabaha mbili, anapiga, anafuata mishale, anapiga tena. Akaulizwa kwa nini anajitaabisha na umri ule. Akajibu kwamba lau si neno alilolisikia kwa Mtume asingejitaabisha, nalo ni onyo kali kwa mtu aliyejifunza kurusha mishale kisha akaacha.

Sasa jiulize, ewe mwalimu mwenzangu. Ikiwa anayeacha ameonywa hivyo, mimi niliyemfanya kijana aache nitasema nini?

PILI, MTUME ALIREKEBISHAJE?

Mnaikumbuka hadithi ya bwana aliyeswali vibaya msikitini, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) alimrudisha akaswali tena, mpaka mara tatu, bila kumtukana. Yule bwana mwenyewe akakiri kwamba hawezi kuswali vizuri zaidi ya pale, akaomba afundishwe. Hapo ndipo akafundishwa, hatua kwa hatua, na katika kila nguzo akaambiwa atulie kwanza kabla ya kwenda inayofuata.

Mafunzo mawili hapo. Mwanafunzi alifundishwa wakati moyo wake uko tayari. Na kiini cha mafunzo kilikuwa utulivu, tuma'nina.

Wallahi anayefundisha mishale akiielewa hadithi hii amepata nusu ya kazi. Kwa sababu ugonjwa mkubwa wa wapiga mishale ni uleule wa yule bwana: haraka. Kijana anavuta, na kabla kamba haijafika mahali pake, jicho limeshaona shabaha na vidole vimeshaachia. Hakuamua kuachia. Vidole vimemtangulia. Ukimwambia "acha haraka", unamuongezea hofu, na hofu ndiyo inayomharakisha.

TATU, TAFUTA SABABU, USIHESABU DALILI

Yale makosa matano niliyomtajia yule kijana, nilipokaa nikayatazama vizuri, niliona karibu yote yana mama mmoja: upinde ulikuwa mzito kwake.

Nguvu ya upinde hupimwa kwa ratili. Mtu mzima anayeanza, ratili 20 mpaka 25 zinamtosha kabisa. Mimi nilikuwa nimempa wa ratili 45, kwa sababu ndio uliokuwepo, na nikiri ukweli, kwa sababu ulikuwa mzuri kwenye picha. Mkono ukizidiwa, bega linapanda kwenda sikioni kusaidia. Kiganja kinakaba mpini. Kamba haifiki kwenye pembe ya mdomo. Vidole vinaachia mapema kwa sababu vinaumia. Na mkono wa upinde unaanguka kwa sababu umechoka. Dalili tano, ugonjwa mmoja.

Ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao upinde kwao ni riziki, mtoto wao hupewa upinde mdogo angali mdogo sana, na upinde unakua pamoja na mkono wake. Hakuna anayemkabidhi mtoto upinde wa baba yake. Waturuki wa zama za dola ya Uthmaniya, waliokuwa na uwanja wao mashuhuri wa Okmeydanı pale Istanbul, mwanafunzi wao alianza na upinde laini kabisa uitwao kepaze. Anauvuta na kuurudisha bila mshale, siku baada ya siku. Baadaye ndipo anapewa mshale, apige kwa karibu sana kwenye torba, yaani mfuko ulioshindiliwa. Uwanja mpana ulikuja mwishoni.

NNE, MCHAFUKOGE INATUTOSHA

Hapa vijana huniambia: "Sheikh, sisi tunaishi ghorofani, hatuna uwanja." Nasema hivi: kwa kurekebisha makosa, uwanja ni adui. Ukisimama mbali unashughulika na shabaha. Ukisimama hatua tatu huwezi kukosa, kwa hiyo akili inabaki kwenye mwili wako.

Chukua kiroba. Nenda kwa mafundi cherehani wa Kariakoo, waombe vipande vya vitambaa wanavyovitupa. Shindilia mpaka kiroba kiwe kigumu, kisha kiweke usawa wa bega, nyuma yake kuwe na ukuta mzima usio na mlango wala dirisha. Usichore shabaha yoyote. Hiyo ndiyo torba yetu.

Kisha fuata hivi, jambo moja kwa wiki moja, na mengine yote yafumbie macho:

Wiki ya kwanza, mpini. Uegemee kwenye kiganja, baina ya kidole gumba na cha shahada, vidole vingine vilegee. Ushike kama unavyoshika kikombe cha kahawa ya moto cha muuza kahawa wetu. Ukikikaba unaungua.

Wiki ya pili, kituo. Kidole cha shahada cha mkono unaovuta kifike pembe ya mdomo kila mara. Wanaovuta kwa kidole gumba, kama walivyovuta Waturuki, wachague mahali pamoja kwenye taya. Kamba ikiishia pungufu leo na kufika kesho, upinde uleule unakuwa pinde mbili, na mshale utapanda na kushuka bila wewe kujua sababu.

Wiki ya tatu, utulivu. Vuta, fika kituoni, hesabu moja mpaka tatu, kisha rudisha taratibu bila kupiga. Katika kila mara tano, piga mara moja tu. Hii ndiyo dawa ya haraka. Vidole vinajifunza kwamba kuvuta hakumaanishi kuachia.

Wiki ya nne, mwisho wa mshale. Baada ya kuachia, mkono wa upinde ubaki palepale mpaka usikie mshale umegonga kiroba. Anayeushusha mkono ili achungulie mshale, huanza kuushusha kabla mshale haujatoka.

Mwezi mmoja, hatua tatu, kiroba cha vitambaa. Baada ya hapo rudi nyuma kidogo kidogo.

TANO, UPOLE SI KUNYAMAZA

Najua kuna atakayesema, "Sheikh, siku hizi mnalea vijana kama mayai, sisi tulifundishwa kwa fimbo." Ndugu yangu, nami nilifundishwa kwa fimbo, na wenzangu wengi walioanza nami hawapo tena kwenye safu. Tuhesabu na hao pia.

Lakini tusichanganye. Yapo makosa ambayo hayangoji wiki yake. Kijana akielekeza mshale kwa mtu, hata kwa mzaha, simamisha hapohapo. Akivuta kamba na kuiachia tupu bila mshale, msimamishe, maana upinde unaweza kuvunjika usoni pake. Akitaka kufanya paka au njiwa kuwa shabaha, mkataze, kwa sababu Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) amekataza vikali kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Na anayebeba mishale kupita msikitini au sokoni, Mtume ameamrisha azishike ncha zake ili asimjeruhi Muislamu. Sasa fikiria Mtaa wa Msimbazi saa kumi na moja jioni. Mishale iwe ndani ya podo lililofunikwa, ncha chini. Hapo sina mjadala.

Makosa yanayoumiza watu, zuia papo hapo. Makosa yanayopoteza mshale tu, yape muda.

MWISHO

Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale. Akawahimiza wapige, akasema yuko pamoja na upande mmoja. Upande wa pili ukasita. Akawauliza kwa nini wamesimama, wakamjibu watapigaje naye yuko na wenzao. Akawaambia wapige, yuko pamoja nao wote.

Yule kijana wangu alisita kwa sababu aliona mimi niko upande wa waliomcheka.

Amerudi, alhamdulillah. Tumemtafutia upinde wa ratili 22, na anapiga kwenye kiroba alichokishona mwenyewe kwa vipande vya dukani kwa mjomba wake. Juzi aliniuliza, "Sheikh, wiki hii tunarekebisha nini?" Nikamwambia, mkono wa upinde. Bega nililiona bado linapanda kidogo. Sikulitaja. Zamu yake itafika.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliowavunja mioyo vijana wetu kwa jina la kuwafundisha, na uturuzuku subira ya kuwarekebisha. Aamin.

Mtumie mwalimu, mzazi au kaka mkubwa yeyote mwenye kijana anayejifunza upinde.

Wabillahi tawfiq.