Karibu, Lakini Si Kubanana

Wenye waume wanaopenda mpira, mshukuruni Mungu. Wa kwangu anapenda matumbawe.

Baba watoto ni mtu wa Tanga. Tulipohamia hapa Leicester, Uingereza, mbali kabisa na bahari, akajitengenezea bahari yake sebuleni: tangi la kioo la lita 200, chumvi kama gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25. Akitoka kazini, salamu ya kwanza ni ya tangi, mimi wa pili. Nikawa nameza tu. Ikafika mahali tunaongea bili na shule ya watoto, basi.

Nikaona nimfuate hukohuko. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu nikanunua tumbawe dogo jekundu, lililooteshwa kwenye tangi, si la kung'olewa baharini. Nikalipachika mwenyewe juu ya mwamba, ubavuni mwa lile lake la dhahabu lenye minyiri. Yakapendeza kama maharusi.

Asubuhi langu limeungua upande mzima, nyama imebanduka, mifupa myeupe nje. Jamani, nililia! Nilidhani atafoka; akanishika mkono. Usiku, taa zimezimwa, akamulika tochi: lile la dhahabu lilikuwa limerefusha minyiri, linapapasa gizani na kumchoma jirani.

"Halina ubaya, mke wangu. Linalinda pa kukulia."

Akanifundisha. Tumbawe la aina hiyo liachiwe sentimita 15 au zaidi pande zote, maana ni kiumbe hai, linakua. Yanayopenda mwanga mwingi na mkondo mkali yakae juu; yasiyotaka makuu, kama langu, yakae chini. Na jipya lianzie chini, lipandishwe taratibu kwa wiki 2 au 3, taa zisiliunguze.

Tukalihamishia mchangani. Ilichukua miezi, lakini nyama ilirudi ikafunika mifupa.

Usiku ule tuliongea mpaka saa 8. Kumbe na yeye alijiona amebanwa: simu kila saa, uko wapi, uko na nani. Nami nikamwambia, kupewa nafasi siyo kusahauliwa. Siku hizi saa moja ya tangi ni yake. Baada ya hapo ni yetu.

Shosti, wewe na wako mmeachiana sentimita ngapi? Tukutane mwezi ujao.