Mtoto akichagua Uchumi, tusimkatize

Wengi wetu tunaotuma karo kutoka huku ughaibuni tuna neno moja tu kwa mtoto: sayansi. Awe daktari, awe injinia. Akisema anataka Uchumi au Masomo ya Biashara tunamjia juu: "Hayo si masomo ya waliofeli? Mimi nachomeka na jua huku ili wewe usome duka?"

Sisi tunaona tofauti. Kenya, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na huko kila mmoja huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Masomo ya Biashara ni mojawapo ya yanayochaguliwa. Tanzania, anayekwenda kidato cha tano anaweza kuchukua EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, au HGE, ambayo ina Historia badala ya Hisabati. Kwa hiyo simu ya kuulizwa itakuja, na jibu letu lina uzito kwa sababu mlipaji ni sisi.

Tuchukue jambo lililowatoa wengi machozi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Kufika katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo dola ikishuka kwa shilingi, riyali nayo inashuka. Dada wa kazi aliyeko Riyadh akituma riyali 1,000 Januari, nyumbani zilikuwa shilingi 42,000 na ushee. Miezi michache baadaye, riyali zilezile 1,000 zikawa 34,000 na kitu, na hapo hatujatoa ada ya kutuma. Hakupunguza hata senti. Lakini kwenye simu anaambiwa amebadilika, amepata mtu, pesa anamlisha nani huko?

Mtoto aliyeelewa somo la kubadilisha fedha angekaa na babu yake, achukue kalamu, amwonyeshe. Angeweza pia kusema mapema kwamba zile elfu nane za juu hazina dhamana ya kudumu, ziende SACCO badala ya kuongezea matumizi.

Halafu kuna daftari. Ndugu zetu wa saiti za Doha na Dubai wanajua: mfuko wa saruji hautoki stoo bila mtu kusaini. Nyumbani tunajenga nyumba nzima kwa sauti za WhatsApp! Unaambiwa mifuko 50, msingi ukiutazama kwenye picha unajiuliza 20 zimekwenda wapi. Mtoto anayesoma utunzaji wa hesabu anajua kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na kubandika risiti. Mpe akaunti ndogo aanze nayo: karo yake mwenyewe, nauli, sare. (Tusimbebeshe ugomvi wa wajomba wanaokula pesa ya ujenzi. Huo ni wa wakubwa.)

Hatusemi Uchumi unaleta kazi. Wapo wenye digrii zake wanaosaka ajira kama wengine. Anayependa Fizikia na anaifaulu aachwe aendelee nayo. Na anayekimbilia Uchumi kwa kuogopa hesabu aambiwe ukweli, hesabu atazikuta hukohuko.

Tunachopinga ni kumkataza kwa dharau, halafu miaka kumi baadaye tunamkabidhi mtu yuleyule pesa zote za kujenga.

Kabla ya kutuma karo ya muhula huu, piga simu shuleni uulize mambo mawili. Mwalimu wa somo hilo yupo darasani sasa hivi, au "ataletwa"? Na wanafunzi wangapi wanalichukua? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, tafuta shule nyingine kabla fomu ya kuchagua masomo haijarudishwa.