Uvira: Kilo si cheti cha afya, wala mwili wa mkimbizi si ushahidi

UVIRA, Kivu Kusini – Kuna maneno ambayo mkimbizi wa ndani anayapokea mjini Uvira hata kabla ya kupewa kikombe cha maji: "Mama, mbona umekonda hivi, uko na ugonjwa gani?" Mwenzake aliyefika na mwili mnene naye anapata yake: "Huyu naye ni mkimbizi? Mwangalieni, ameshiba kutushinda sisi." Mmoja anashukiwa ukimwi, mwingine anashukiwa uongo, na wote wawili hakuna aliyewapima. Tabia hii ya kusoma afya, mali na ukweli wa mtu kwenye mwili wake imezoeleka mpaka inaitwa salamu. Si salamu. Ina madhara, na madhara yake yanafika hadi kaburini.

Heshima ya unene ina asili yake. Uvira ilitekwa mwezi wa kumi 1996, na tangu hapo watu wamekimbia mara nyingi. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, familia ziliteremka kwa miguu kupitia Kamanyola, Luvungi na Sange, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huo vita vikaingia Uvira kwenyewe. Katika nchi kama hii, mwili mnene unaonekana kama akiba. Ndiyo maana tumbo la papa linaitwa pesa, na mashavu ya mke yanahesabiwa kuwa sifa ya bwana yake. Wazee waliofikiri hivyo hawakuwa wajinga, walikuwa wameiona njaa. Lakini kipimo chao kinadanganya, na wa kwanza kudanganywa ni mtoto.

Mtoto mwenye kwashiorkor huvimba. Miguu inajaa, uso unakuwa wa mviringo, na jirani anasifu: "Huyu amenona!" Kumbe mwili umejaa maji, si nyama. Jina lenyewe linatoka kwa Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza katika vitabu vya tiba miaka ya 1930. Linamaanisha ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa, yaani anapoachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu. Mama anayesifiwa kila siku kwamba mtoto wake amenona, atampeleka kituo cha afya kwa sababu gani? Sifa hiyo inamchelewesha, na kwa kwashiorkor kuchelewa ni hatari.

Macho ya jirani hayatoshi, lakini kipimo kipo na si kigumu. Gumba likibonyezwa juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu na kuacha shimo, mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe wa kupima mkono nao unasema wazi: chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali, kutoka 115 hadi 125 ni njano, hatari inakaribia. Rangi za utepe hazijali mtoto ni wa mwenyeji au wa mkimbizi.

Kukonda nako kumebebeshwa mzigo usio wake. Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya nchini Uganda ambao raia waliuita "Slim", kwa sababu wagonjwa walikonda sana. Huo ulikuwa ukimwi, na wakati ule dawa hazikuwepo. Leo mwenye virusi anayemeza dawa zake anaweza kuwa na mwili mzuri kuliko wote wanaomsema, na mnene asiyejua hali yake anaweza kuambukiza wengine. Anayekonda anaweza kuwa na kifua kikuu, kisukari, minyoo, huzuni ya kufiwa, au njaa tu. Kinachojibu ni kipimo cha kituo cha afya, si ulimi wa sokoni. Na anayeogopa ulimi huo haendi kupima.

Hofu hiyo hiyo imefungua biashara. Wasichana na wamama wananunua vidonge vya "kuongeza kilo" bila karatasi ya daktari. Hapa Congo vinavyotumika sana kwa kazi hiyo ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula na usingizi, na deksametazoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Deksametazoni hujaza uso, lakini pia hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kupunguza kinga ya mwili. Aliyeimeza muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuanguka, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Basi aliyeanza asikatize peke yake, aende kwa muganga wa kituo cha afya. Na anayeziuza kama pipi ajue kwamba anauza ugonjwa.

Mnene naye ana haki yake. Mwili haupungui siku ya kukimbia. Mama mnene aliyelala njiani siku tatu ana njaa sawa na mwembamba, na huenda vidonge vyake vya presha vimebaki katika nyumba iliyoporwa. Tena bugali, mafuta na sukari vinaweza kunenepesha mtu ambaye hajaonja ndagala, maharagi wala matunda kwa wiki nyingi. Kumkata kwenye orodha ya msaada kwa sababu ya mwili wake ni dhuluma.

Wengine watajibu kwamba huu ni utani, ni utamaduni. Utani ni wa watu wanaoweza kurudishiana. Mkimbizi anayeomba kona ya kulala hawezi kumrudishia mwenye nyumba. Wala dawa yake si kugeukia picha za simu zinazomtukana mnene na kumsifu aliyekonda. Hilo ni tusi lile lile lililogeuzwa nguo.

Wachungaji, mashehe, walimu na wakuu wa avenyu wanasikilizwa Uvira. Waseme mbele ya watu kwamba orodha ya msaada inaandikwa kwa shida ya familia, si kwa ukubwa wa mwili. Wamama wa mtaa wanaosifu mtoto aliyenona wabonyeze kwanza miguu yake. Na anayempokea mgeni kutoka bonde la Ruzizi au Fizi ana maswali mawili ya kutosha: "Umekula?" na "Umelala wapi?"