Bastola Kifundoni

Wafanyabiashara wa mbao na chai wanaosafiri na fedha taslimu kati ya Makambako, Njombe na Lupembe huniuliza, wakishajua kwamba mimi ni daktari wa mifupa, kama ni salama kuficha bastola kifundoni mwa mguu. Huwajibu kwamba leseni inayotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimzuii mtu kujipiga risasi mguuni.

Hatari kubwa ni kuichomeka ndani ya soksi au buti. Kitambaa kikinasa kifyatulio, risasi hushuka moja kwa moja kwenye unyayo, mahali palipojaa mifupa midogo, kano na mishipa isiyo na nyama ya kuikinga. Anayeng'ang'ania kuibeba hapo awe na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, wala asiichomoe akiwa ameketi garini. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu asiibebe hapo kabisa: mkanda utamchubua naye hatajua. (Vumbi la barabarani, nalo, haliachi kuiingia.)

Kinachonisumbua zaidi ni majeruhi anayejificha nyumbani kwa kuogopa PF3. Kidonda cha risasi huingiza uchafu na vipande vya soksi hadi ndani ya mfupa. Siku mbili za kujificha zaweza kuugharimu mguu. Wenzangu wa zahanati, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, fungeni mguu kwa gango, msisahau chanjo ya pepopunda, kisha mpeni rufaa. Fomu ifuate baadaye.