Kwanza Maji, Kisha Mafuta

Tumesikia ahadi nyingi juu ya mwani. Tusemao si ule wa baharini ulimwao na akina mama wa Zanzibar, bali ule mdogo mno, usioonekana ila kwa hadubini, unaoyageuza mabwawa ya maji taka yawe ya kijani. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil ilitangaza kwamba ingetumia hadi dola milioni 600 ili mwani wa namna hii uendeshe magari. Ilipofika 2023 ilikuwa imejitoa. Kabla yake serikali ya Marekani iliutafiti tangu 1978 hadi 1996, programu ikafungwa, mafuta yake yangali ghali kuliko petroli.

Twauliza: jasho lote hilo lilimwagika kwa ajili ya nani? Kwa mwenye gari. Kumbe mwani unayo kazi nyingine, ya zamani na ya hakika, ambayo matajiri hawajapata kuigombea. Katika mabwawa ya Dandora, yaliyoko Ruai, mashariki ya Nairobi, mwani hupokea jua na kutoa oksijeni. Bakteria huitumia kuozesha uchafu, nao mwani hujilisha naitrojeni na fosforasi. Jua ndilo linalofanya kazi ya mashine za kupuliza hewa, nalo halileti bili ya umeme. (Kiwanda kinachomwaga kemikali katika mfereji wa jiji kisijifiche nyuma ya mwani, si kila sumu huliwa.)

Lakini mwani usipovunwa hutoka pamoja na maji, ukiichukua mbolea ile ile hadi mtoni. Hapo ndipo walio chini ya mto, wanaoteka kwa ndoo na kumwagilia mboga, wanapolipa deni la walio juu. Basi na uvunwe! Twajua ni kazi ngumu, na kuukausha ili kukamua mafuta hula nishati nyingi. Ndiyo maana twawasifu watu wa Chiclana, kusini mwa Hispania: katika mradi ulioanza 2011 waliuozesha mwani wa maji taka yao katika matangi yasiyopitisha hewa, wakapata gesi ya kuendeshea magari. Usafi ulitangulia, gesi ikafuata.

Anayetujia na mradi wa mwani na ajibu kabla ya kupewa ardhi. Maji yatokayo yatapimwa na nani, na vipimo vitabandikwa wapi ili mama anayeteka maji mtoni avisome? Gesi itawasha jiko la nani? Asiye na majibu asikabidhiwe hata bwawa moja.