Mbalanga si Laana, Wala Hauambukizi



Hapa Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile kuu ya Mombasa, wapitao ni wengi na maneno ni mengi zaidi. Akionekana mtu mwenye mabaka meupe mikononi au mdomoni, yaani mbalanga (madaktari huuita vitiligo), basi kila mtu anakuwa daktari. Huyu atasema ni laana. Yule atanong'ona kwamba kithitu kimemshika. Wa tatu atakuonya usipokee chenji mkononi mwake, ati utaambukizwa! Hayo ya barabarani ningeyavumilia. Lakini hata sisi tunaosoma bayolojia? Nimewaona wanafunzi wenzangu wakikikataa kikombe cha msichana mmoja, kisa doa kidevuni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Mwili nao una askari wake, chembechembe nyeupe za damu, ambao kazi yao ni kuwinda virusi na bakteria. Kwa mwenye mbalanga, baadhi ya askari hao, waitwao seli T, huzigeukia melanosaiti na kuziua kana kwamba ni adui. Zikishakufa, ngozi hubaki nyeupe. Sasa niambieni, kama hakuna kijidudu, mtu ataambukizwa nini? Ndiyo maana pia baadhi ya wagonjwa hawa hupata matatizo ya tezi ya shingoni: kinga ni ile ile, imekosea shabaha mara mbili.

Tusichanganye mambo. Mwenye ualbino huzaliwa hivyo. Ukoma nao huletwa na bakteria, na mara nyingi baka lake hufa ganzi, ilhali la mbalanga huhisi kama kawaida. Aliye na shaka aende hospitalini, asipimwe na makanga wa matatu.

Mnamo Februari 1993 Michael Jackson alimweleza Oprah Winfrey kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Wengi walicheka, wakasema anajichubua tu. Alipofariki tarehe 25 Juni 2009, uchunguzi wa maiti ulithibitisha kuwa alikuwa na vitiligo kweli. Walioomba radhi sijawasikia.

Tiba ipo, ingawa si ya kufuta kila doa: krimu za kutuliza kinga na mwanga maalumu. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib, ambayo huzuia ishara zinazowachochea askari hao. Mafuta ya kujichubua hayamo kabisa katika orodha hiyo, na yule anayeyachuuza stendi akidai yanaponya mbalanga anakula pesa za watu bure.

Nawaomba ndugu zetu wa Chama cha Sayansi wachore picha ya seli T na melanosaiti, waitundike pale kwenye tangi la maji kabla muhula haujaisha. Vikombe viko hapo hapo.