Mpigie Simu Kabla ya Kumfungulia

Miaka niliyokaa kwenye Baraza la Kata huku Ikungi, Singida, sikuwahi kumzoea mlalamikaji anayekataa fidia. Namkumbuka mama mmoja mjane. Ng'ombe wa jirani waliingia usiku kwenye alizeti yake, kulipokucha yamebaki mabua. Tulikadiria hasara kwa magunia, jirani akakubali kulipa bila ubishi. Mama akakataa. Alitaka kijana mchungaji achapwe viboko mbele ya watu. Wajumbe wenzangu wakanong'ona kwamba huyu ana kisasi tu. Nikamuuliza, akishachapwa, wewe utapata nini? Akasema, "Waseme kwamba walijua."

Kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa ng'ombe walivunja zizi wenyewe. Siyo kweli, waliswagwa. Mwenye ng'ombe alipochoka kuzunguka, akasimama na kukiri. Habari ya viboko ikaishia pale, na magunia mama akayachukua.

Simaanishi kwamba kila mwenye uchungu atatulia akiombwa radhi. Wapo wasiotulia, na siwalaumu wote. Lakini mtu aliyedhulumiwa hatenganishi haki na kisasi kama wanavyotenganisha wanasheria. Anavitaka vyote kwa pamoja, na kipi kitatangulia inategemea anavyotendewa siku za mwanzo.

Wazee wa Kinyaturu wanaijua habari ya mbojo, watu-simba. Katika miaka ya 1940 watu wengi waliuawa Singida kwa majeraha kama ya makucha. Ilielezwa kwamba mwenye kinyongo aliweza kulipia kazi hiyo, simba akabeba lawama. Serikali ya kikoloni iliwakamata watu, ikawashitaki, na baadhi wakanyongwa. Kisasi cha aina ile kilihitaji ngozi ya simba ya kujifichia.

Siku hizi ngozi ni umati. Mwizi wa pikipiki anachomwa moto mchana, watu wamejaa, na polisi wakifika hakuna aliyeona. Kesho yake sisi wasomaji wa magazeti tunaambiwa ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", watu wasio na baba wala mama. Wengine wanatamani sungusungu, walinzi wa jadi wa miaka ya 1980, warudi kwa nguvu zile zile. Walipunguza wizi wa ng'ombe, sikatai. Walitesa na kuua pia, na baadhi ya waliouawa walikuwa vikongwe walioitwa wachawi.

Polisi nao kila mara wanatuonya tusijichukulie sheria mkononi. Sawa. Ila watazame kinachotokea kabla ya kiberiti. Mtu ameibiwa mbuzi, amefuatilia nyayo, amemkamata mtuhumiwa na kumfikisha kituoni bila kumgusa. Siku chache baadaye anamkuta kwenye kilabu cha pombe, anacheka. Wizi wa namna hiyo una dhamana, na dhamana haimaanishi kesi imekwisha. Nani amemwambia mwenye mbuzi? Hakuna. Anajijibu mwenyewe kwamba hongo imepita (na tusidanganyane, mara nyingine imepita kweli). Akiibiwa tena hatakwenda kituoni. Atapiga yowe.

Kumweleza hakuhitaji bajeti wala sheria mpya. Mtendaji wa kijiji ana ubao wa matangazo ambao kwa sasa unatumika zaidi kwa michango. Ubandikwe hapo kwamba kesi fulani ipo, itatajwa tarehe fulani, mtuhumiwa yuko nje kwa masharti haya. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni kila miezi mitatu, usomewe kesi zilizokwisha na zilivyokwisha, hata zile ambazo upelelezi uliharibika.

Nawe mkuu wa kituo, namba ya simu ya mlalamikaji unayo kwenye jalada. Mpigie kabla hujamfungulia mtuhumiwa.